Barua za ofa za kasino zilipoacha kumfikia shangazi

Kwa miaka sita shangazi yangu alipokea, karibu na tarehe 20 ya kila mwezi, bahasha kubwa yenye kurasa za rangi kutoka kwenye kasino anayoitembelea, na ndani yake mlikuwa na ratiba ya siku za mwezi unaofuata ambazo angewekewa dola kadhaa za kuchezea mashine za sloti bila kugusa fedha zake, kuponi ya chakula, na mara chache usiku mmoja wa hoteli. Mwaka jana bahasha hiyo ilikoma. Mwezi wa kwanza alidhani posta imechelewa, mwezi wa pili akanyamaza, na mwezi wa tatu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Mwanangu, hawa watu nimewakosea nini?"

Swali hilo liliniumiza, kwa sababu nilijua kwamba alikuwa amelibeba peke yake kwa wiki nyingi. Shangazi ana miaka 71, amestaafu, huenda kasino mara mbili kwa mwezi akiwa na kiasi cha fedha alichokwisha kukitenga, na kinapokwisha hurudi nyumbani. Bahasha ile ilikuwa mojawapo ya barua chache zilizokuja na jina lake ambazo hazikuwa bili wala karatasi za hospitali. Ndiyo maana nilichukua siku kadhaa kulifuatilia jambo hili kwa makini, na ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyabaini, kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani na ambao wao wenyewe, au wazazi wao, wamewahi kusimama mbele ya sanduku tupu la barua na kujiuliza swali kama lake.

Jambo la kwanza kulifahamu, na ambalo lingemwokolea shangazi miezi miwili ya wasiwasi, ni kwamba ofa na barua ni vitu viwili tofauti. Ofa huandikwa kwenye kompyuta za kasino chini ya namba ya kadi ya mchezaji, yaani kadi ya uanachama ambayo kasino hutumia kuhesabu mchezo wake. Barua huja baadaye kumwarifu tu mwenye kadi kwamba ofa hiyo ipo. Kwa hiyo barua isipofika, kuna maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa: je, ofa ipo na karatasi ndiyo iliyopotea, au ofa yenyewe haikutolewa, na kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya kuchapa? Posta haiwezi kulijibu swali la pili, na mhudumu wa kasino hawezi kujua mengi kuhusu la kwanza. Mtu asiyeyatenganisha maswali haya atazunguka bila kufika popote.

Njia ya kuyatenganisha ni fupi. Kasino nyingi zina mashine za kujihudumia karibu na mlango au karibu na kaunta ya wanachama, ambapo mtu huingiza kadi na namba yake ya siri na kuona ofa zote zilizo hai. Nyingi pia zina tovuti au programu ya simu inayoonyesha orodha hiyohiyo, na zisipokuwa nayo, simu moja kwa kaunta ya wanachama inatosha. Mara nyingi fedha za kuchezea hazihitaji karatasi kabisa, kwa kuwa mtu huingiza kadi kwenye mashine ya sloti siku iliyotajwa, akabonyeza namba ya siri, na kiasi chake kikatokea. Karatasi hubaki na kazi kwa baadhi ya kuponi tu, kama vile za chakula, za zawadi za kuchukuliwa mkononi, au zile za michezo ya mezani ambazo mchezeshaji huzipokea pamoja na dau. Hata hizo, mhudumu mwenye nia njema aliyeiona ofa kwenye kompyuta aghalabu anaweza kuzichapa upya mtu akionyesha kitambulisho.

Nilipiga simu shangazi akiwa ameketi kando yangu, nikampa kipokezi athibitishe jina na tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu hawazungumzi na mtu mwingine kuhusu akaunti isiyo yake, na wana haki. Dada aliyepokea alitulia kidogo, akasema kwamba ofa zilikuwepo: dola 20 kila Jumanne kwa miezi miwili iliyopita, zote zimepita muda wake bila kutumika, na kwa mwezi ule dola 10 kila Jumanne. Shangazi alinitazama. Hakuwa amekosea chochote, wala hakuwa amesahauliwa. Kila wiki kulikuwa na kitu chenye jina lake kilichomngoja hadi saa ya mwisho na kikafutika. Tuliomba zile zilizopita zirudishwe, tukaambiwa haiwezekani. Sikubishana, kwa sababu masharti yaliyochapwa kwa herufi ndogo kwenye kila barua ya aina hii husema kwamba uongozi unaweza kubadilisha au kufuta ofa wakati wowote, na ofa iliyopita tarehe yake haina pa kushikiliwa.

Majibu yale yalituachia mambo mawili ya kuchunguza: kwa nini karatasi hazikufika, na kwa nini kiasi kilipungua kwa nusu katika mwezi wa tatu. Nitaanza na karatasi.

Niliomba tusomewe anwani iliyokuwa kwenye akaunti, neno kwa neno, badala ya kuuliza kama anwani "ni sahihi". Huu ni ushauri ninaousisitiza kwa kila mtu, kwa sababu mtu akiulizwa kama anwani yake ni ileile atajibu ndiyo, na kosa litabaki palepale. Tuliposomewa tuligundua kwamba mtaa ulikuwa sawa, namba ya jengo ilikuwa sawa, na namba ya fleti haikuwepo. Ilikuwepo kwa miaka sita. Ilipotea siku shangazi alipoangusha kadi yake na kwenda kaunta kutengenezewa nyingine: mhudumu alipitisha kitambulisho chake kwenye kisomeo, kompyuta ikanakili anwani iliyoandikwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kile kilikuwa kimetolewa bila namba ya fleti. Anwani nzuri iliyowekwa kwa mkono miaka sita kabla ilifutwa na anwani pungufu, na hakuna aliyeona. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba kila anayebadilisha kadi, au anayeonyesha kitambulisho kwenye kaunta kwa sababu yoyote, anapaswa kuomba asomewe anwani kabla hajaondoka.

Lakini jengo letu lina mpeleka barua, na bili za shangazi zilifika kila mwezi. Kwa nini bahasha ya kasino pekee? Jibu liko katika madaraja ya posta. Bili na barua za benki husafiri kama barua za daraja la kwanza, na barua ya daraja hilo isiyoweza kufikishwa hurudishwa kwa aliyeituma. Mtu akihama na kujaza fomu ya kubadilisha anwani, humfuata kwenye makazi mapya kwa miezi 12. Vitabu vya ofa husafiri kwa kawaida katika daraja la matangazo, ambalo hadi Januari 2017 liliitwa Standard Mail na sasa linaitwa USPS Marketing Mail. Daraja hili ni la watu wanaotuma kwa wingi, angalau vipande 200 au ratili 50 kwa mara moja, na bei yake ni nafuu kwa sababu huduma zake ni chache. Barua ya matangazo haimfuati mtu aliyehama, na isipofikishika hairudi kwa mtumaji, isipokuwa mtumaji awe amechapa juu yake agizo la kuomba huduma hiyo. Bila agizo hilo, posta huitupa. Kitabu cha shangazi, kilichokuja kwenye jengo lenye fleti nyingi bila namba ya fleti, hakikuwa kimeibwa wala kuchelewa. Naamini kiliishia kwenye pipa la karatasi, na kasino haikupata hata ishara moja kwamba hakikufika.

Kuna upande wa pili wa jambo hilohilo. Mtumaji aliyechapa agizo la kurudishiwa atajua kwamba anwani ni mbaya, na hapo kompyuta ya kasino huweza kuweka alama ya anwani mbovu kwenye akaunti na kusimamisha barua zote hadi mwenye kadi atakapofika na kitambulisho. Barua moja iliyorudi kwa sababu ya mpeleka barua wa muda asiyelijua jengo inaweza kuzima miezi mingi ya ofa za karatasi. Kwa hiyo ukipiga simu, uliza pia kama akaunti ina alama ya barua iliyorudi. Wahudumu wengi hawaitaji mpaka waulizwe.

Kwa wanaohama, ninaongeza hili kwa sababu niliona jinsi linavyowachanganya watu. Posta ya Marekani inawataka watumaji wa daraja la matangazo walinganishe orodha zao za anwani na kumbukumbu za waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma, kwa hiyo ni kweli kwamba kasino inaweza kuipata anwani yako mpya bila wewe kusema neno. Lakini kumbukumbu zile zina mabadiliko ya kudumu tu. Aliyejaza fomu ya kuhama kwa muda, kwa mfano mzee anayekwenda kukaa kwa mwanawe miezi minne, hatapatikana humo, na vitabu vyake vya ofa vitaendelea kwenda kwenye nyumba iliyofungwa.

Watu wengi walinishauri nimsajili shangazi kwenye Informed Delivery, huduma ya bure ambayo posta iliitandaza nchi nzima mwaka 2017 na ambayo kila asubuhi humtumia mtu picha za barua zinazokuja siku hiyo. Nilimsajili, na ninaipenda, lakini ina mpaka wake: picha hupigwa na mashine zinazochambua barua za ukubwa wa kawaida, na vitabu vikubwa bapa, kama vile kasino nyingi zinavyotuma, aghalabu havionekani. Kutokuona picha hakuthibitishi kwamba hakuna kilichotumwa. Kuona picha na kisha kukuta sanduku tupu ni habari nyingine, na hiyo ikitokea zaidi ya mara moja basi mtu ana sababu ya kushuku mkono wa mtu. Wizi wa barua ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho, lenye adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 5, na idara ya upelelezi ya posta hupokea malalamiko ya aina hiyo kwa uzito. Ombi la kawaida la kutafuta barua iliyopotea, kwa upande mwingine, halikutusaidia kwa lolote, kwa kuwa barua ya matangazo haina namba ya kufuatilia.

Sasa nifike kwenye ile nusu iliyopungua, ambayo kwangu ndiyo sehemu nzito ya jambo lote.

Kasino haimtumii mtu barua kwa sababu inampenda, na naisema kauli hii kwa heshima, bila chuki. Humtumia kwa sababu ya hesabu. Gary Loveman, aliyekuwa akifundisha katika shule ya biashara ya Harvard, alijiunga na kampuni ya kasino ya Harrah's mwaka 1998, na chini yake mpango wa kadi za wachezaji, uliokuwa umeanza mwaka mmoja kabla, uligeuzwa kuwa chombo cha kupima thamani ya kila mchezaji na kumtumia ofa inayolingana na thamani hiyo. Mpango ule leo unaitwa Caesars Rewards, na namna yake ya kufikiri imeenea kote.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko kinavyosikika. Kompyuta haikipi uzito mkubwa kile ulichopoteza kweli siku fulani, kwa sababu bahati hupanda na kushuka. Huhesabu kile ambacho ungetarajiwa kupoteza, yaani jumla ya madau yako yote ikizidishwa na asilimia ambayo mashine imewekwa kubakiza. Shangazi huweka senti 60 kwa mzunguko, na kwa mwendo wake huzungusha kiasi cha mara 500 kwa saa, kwa hiyo hupitisha dola 300 za madau kwa saa moja, nyingi zikiwa ni zilezile zinazoingia na kutoka. Tukichukulia kwamba mashine inabakiza asilimia 10, hasara yake inayotarajiwa ni dola 30 kwa saa, na kwa saa nne ni dola 120. Kisha kompyuta hujumlisha siku zote alizocheza katika kipindi fulani na kugawanya kwa idadi ya siku hizo. Wastani huo wa siku ndio unaoamua atapewa nini. Kila kasino ina fomula yake, na baadhi hugawanya kwa safari badala ya siku, lakini mgawanyo huo ndio moyo wa jambo.

Nilipomweleza hayo, shangazi aliniambia kitu ambacho hakuwa amenieleza mwanzoni. Bahasha ilipokosekana mwezi wa kwanza, aliogopa kwamba wamemsahau, kwa hiyo mara mbili alipokuwa akipita njia ile na rafiki yake aliingia, akaweka kadi, akacheza robo saa, akaondoka. Alitaka waone kwamba bado yupo. Robo saa yake ni dola 7.50 kwa kipimo cha kompyuta. Mwezi ule, badala ya siku mbili za dola 120, alikuwa na siku nne: 120, 120, 7.50 na 7.50, jumla dola 255, na ukigawanya kwa nne unapata chini kidogo ya dola 64. Alikuwa amecheza zaidi kuliko kawaida yake, na wastani wake ukashuka karibu nusu. Ofa huandaliwa wiki kadhaa kabla ya mwezi wake kuanza, kwa hiyo mchezo wa mwezi wa kwanza ulijitokeza kwenye ofa za mwezi wa tatu, na dola 20 zikawa 10.

Nilihuzunika kweli. Namba ya fleti iliyokosekana ilimfanya mama wa watu aende mahali ambapo hakuwa amepanga kwenda, na kwenda kwake huko ndiko kulikompunguzia kile alichokuwa akikitafuta. Kama angejua tangu mwanzo kwamba ofa inaweza kuwepo bila karatasi, asingepoteza zile ofa zilizopita muda wake, wala ile nusu iliyopungua.

Zipo sababu nyingine zinazofanya barua zikome, na nitazipitia haraka kwa kuwa hazikutuhusu. Mtu aliyefunga ndoa na kubadilisha jina anaweza kuwa na akaunti mbili, moja ikipokea mchezo na nyingine ikipokea barua, na dawa yake ni kuomba ziunganishwe. Watu wawili wenye anwani moja wanaweza kupewa kitabu kimoja kwa nyumba nzima. Aliyebonyeza kiungo cha kujiondoa kwenye barua pepe huenda, bila kujua, alijiondoa kwenye kila kitu. Mchezaji anayefika siku za ofa pekee, akatumia fedha za bure na kuondoka bila kuweka dau lake mwenyewe, anaweza kuondolewa kwenye orodha kimakusudi. Na kasino nyingi zimehamishia ofa zao kwenye simu, jambo lililopata kasi baada ya kasino za Nevada na majimbo mengine kufungwa Machi 2020. Posta nayo imekuwa ikipandisha bei mwaka hadi mwaka, hivi kwamba stempu ya kawaida iliyouzwa senti 55 mwaka ule iliuzwa senti 78 kuanzia Julai 2025. Kwa wazee wasiotumia programu za simu, kuhamia huko ni sawa na kuondolewa kabisa, na naona si haki kwamba hawaulizwi kwanza. Anayetaka karatasi aombe kwa kutamka kwamba anataka kutumiwa kwa posta, kwa kuwa kwenye akaunti nyingi hilo ni chaguo linaloweza kuwekwa alama.

Sababu moja inahitaji kusemwa taratibu. Majimbo mengi yana orodha za watu waliojizuia wenyewe kuingia kasino, na Missouri ndiyo iliyoanzisha ya kwanza ya jimbo zima mwaka 1996. Kasino zinapaswa kumwondoa aliyejiandikisha humo kwenye barua za matangazo, na kampuni zenye kasino katika majimbo kadhaa zinaweza kumwondoa kwenye zote. Kwa hiyo, kama unafuatilia barua za mzazi au mwenzi wako na mhudumu akakujibu kwamba hawezi kulizungumzia, usilazimishe. Huenda mtu huyo alichukua hatua ngumu bila kumwambia yeyote, na ukimya wa sanduku lake la barua ndio ulinzi alioutafuta. Mzungumzie nyumbani, kwa upole, au usimzungumzie kabisa. Na kama barua zako zimekoma, na ukagundua kwamba kukoma kwake kumekupunguzia hamu na ukalala vizuri zaidi, sioni sababu ya kupiga simu yoyote.

Anayepiga simu apige akiwa na maswali yake kwenye karatasi: anwani isomwe yote, alama ya barua iliyorudi, njia iliyochaguliwa ya kutumiwa ofa, tarehe vitabu vilipotoka, na ofa zilizo hai kwa siku ya leo. Aandike jina la aliyemjibu na tarehe. Wachezaji wa kiwango cha juu huwa na mhudumu wao maalumu, na huyo ana uwezo wa kurekebisha mambo ambayo kaunta haiwezi. Wengine wote wasione haya kumwomba msimamizi wa kaunta. Kubadilisha anwani kwa kawaida kunahitaji mtu afike mwenyewe na kitambulisho, na hilo ni jema, kwa sababu vinginevyo mtu yeyote mwenye namba ya kadi yako angeweza kuelekeza barua zako kwake. Kwa sababu hiyohiyo, asiwepo anayempa mtu aliyempigia yeye simu namba yake ya siri au malipo ya "kufungua ofa iliyokwama". Ofa halali haina ada.

Kulalamika kwa mamlaka kuna mipaka. Karatasi iliyopotea njiani si kosa ambalo mamlaka ya michezo ya kubahatisha italishughulikia. Hali hubadilika mtu anapokuwa na ofa mkononi, yenye jina lake na tarehe iliyo hai, na kasino ikakataa kuitekeleza. Nevada, kwa mfano, sheria ya migogoro kati ya wateja na kasino inagusa pia namna promosheni zinavyoendeshwa: mgogoro wa dola 500 au zaidi kasino inapaswa kuuripoti mara moja kwa bodi ya jimbo inayodhibiti michezo ya kubahatisha, na ulio chini ya hapo inapaswa kumweleza mteja kwamba ana haki ya kuomba uchunguzi. Kasino za makabila ya wenyeji wa Marekani, zinazoendeshwa chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1988, zina tume zao za kikabila, na huko ndiko malalamiko yanakopelekwa.

Sisi hatukufika huko. Tulikwenda kaunta siku ya shangazi ya kawaida, akiwa na kitambulisho na bili moja yenye anwani kamili, na mhudumu akaandika namba ya fleti kwa mkono huku shangazi akiisoma kwa sauti kutoka upande wa pili wa meza. Kisha akacheza saa zake nne, akala, tukarudi. Hakupita tena njiani kuonyesha kwamba yupo. Mwezi uliofuata bado hatukuona kitu, kwa kuwa vitabu vilikuwa vimekwisha kuchapwa kabla ya marekebisho, lakini nilikuwa nimemwonyesha jinsi ya kuziona ofa kwenye simu yake, na kila Jumatatu jioni alivaa miwani akaangalia mwenyewe.

Bahasha ilifika tarehe 22 ya mwezi wa pili baada ya hapo. Alisoma kwanza anwani, akaweka kidole juu ya namba ya fleti, ndipo akaifungua. Ndani mlikuwa na dola 15 kwa kila Jumanne. Alichukua kalamu, akazungushia Jumanne mbili kati ya nne, zile alizokuwa amepanga kwenda tangu awali, akakibandika kitabu kwenye mlango wa friji.